Badiliko la kumbukumbu likiharibu kerneli: ulitengue, ulibane au ulizime?

Umesasisha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye seva, na kazi iliyokuwa ikimalizika kabla chai haijapoa sasa inakula saa nzima. Umeshika `git bisect`, amri inayosaka badiliko lililoleta kosa. Kati ya toleo moja na linalofuata huwa kuna mabadiliko kama 14,000, lakini kila jaribio linakata nusu, kwa hiyo ukishajenga kerneli na kuiwasha mara 14 hivi unabaki na badiliko moja mkononi. Limo kwenye saraka ya `mm/`, sehemu ya kerneli inayogawa kumbukumbu kwa programu zote. Mistari michache tu. Sasa unalifanyaje?

Njia kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kulitengua lote kwa `git revert`, kerneli irudi ilivyokuwa. Ya pili ni kulibana: unaliacha ndani, ila unaliwekea sharti lisiguse pale linapoumiza. Ya tatu ni kulizima kwa swichi, msimbo ubaki lakini usifanye kazi. Wengi wetu tunaotunza seva hukimbilia ya kwanza, na mara nyingi hatukosei. Lakini kila badiliko la kumbukumbu lililetwa kutibu kitu fulani. Ukilitengua, ugonjwa ule unarudi siku hiyo hiyo, hata kama kwako hauonekani. Ndiyo maana nalinganisha njia hizi kwa kesi zilizotokea kweli ndani ya Linux, ambazo rekodi zake ziko wazi kwenye historia ya msimbo kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Badiliko moja, hukumu mbili

Kesi bora ya kujifunzia ni badiliko la mwandishi wa kerneli Rik van Riel, kwa sababu lilitenguliwa mara moja na kubanwa mara moja. Msimbo karibu ni ule ule, wakati tofauti, uamuzi tofauti.

Kwanza lenyewe lilikuwa linafanya nini. Kichakataji hupima kumbukumbu kwa kurasa. Kwenye mashine za x86 za biti 64 ukurasa wa kawaida ni KB 4, na upo ukurasa mkubwa wa MB 2, ambao ni sawa na kurasa ndogo 512. Programu inapogusa anwani, kichakataji hulazimika kutafuta anwani hiyo iko wapi kwenye RAM, na majibu ya karibuni huyaandika kwenye kidaftari chake kiitwacho TLB. Ukurasa mkubwa mmoja unakaa kwenye mstari mmoja wa kidaftari hicho, badala ya mistari 512. Kwa programu inayozunguka kwenye data nyingi, tofauti hiyo ni kubwa.

Ila ukurasa mkubwa una sharti: lazima uanze kwenye mpaka wa MB 2. Fikiria viwanja vilivyopimwa tayari. Programu ikiomba MB 3 na kerneli ikaikatia kuanzia ndani kidogo ya kiwanja, huenda isipate hata kiwanja kimoja kizima. Van Riel akasema: ombi lolote la kumbukumbu tupu, yaani isiyotokana na faili, likiwa la MB 2 au zaidi, lianzie mpakani. Wazo zuri, tena la mistari inayosomeka kwa dakika mbili.

Liliingia kwenye maandalizi ya toleo la 6.1, mwaka 2022. Roboti ya majaribio ya Intel ikaripoti kwamba kipimo kimoja cha mkusanyiko wa will-it-scale kimeshuka kwa asilimia 95.5. Waliokuwa wakijenga kerneli kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya Clang nao wakaona muda umerefuka. Waliotumia GCC, kompaila nyingine, walipata nafuu kidogo. Desemba 2022, toleo likiwa mlangoni, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalitengua lote. Ujumbe aliouambatanisha ni mfupi na nauona kuwa wa kuigwa: ulitaja madhara, ukataja pia ile nafuu ya GCC kwamba jambo hili halikuwa hasara tupu, kisha ukasema mpaka madhara yale makubwa yaeleweke, badiliko litoke.

Kile kipimo kilichoporomoka kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kinaitwa malloc1. Kinaomba MB 128, kinazirudisha, kinaomba tena, kinarudisha, hivyo hivyo bila kukoma. Kumbukumbu yenyewe hakiitumii kabisa. Ila maktaba ya C inapotoa MB 128 hizo huongeza kichwa kidogo mwanzoni cha kuandikia ukubwa wa kipande, na kwa kuwa kerneli hutoa kwa kurasa nzima, ombi linakuwa MB 128 na KB 4. Kuandika kile kichwa ndiko kugusa pekee kunakofanyika. Zamani mguso huo uliangukia ukurasa mdogo, kerneli ikafuta KB 4 ziwe sifuri, basi. Baada ya badiliko, mguso uliangukia mpakani kabisa, kerneli ikaona hapa panafaa ukurasa mkubwa, ikafuta MB 2 nzima. Kazi mara 512, kwa ajili ya kuandika namba moja, kisha yote inatupwa.

Unaweza kusema kipimo kama hicho hakifanani na programu ya mtu. Ni kweli kwa kiasi. Lakini programu inayoomba kipande kikubwa ikagusa kidogo si jambo la ajabu, na Clang ilikuwa shahidi kwamba maumivu yamevuka mipaka ya maabara.

Badiliko lilirudishwa kwenye toleo la 6.7. Safari hii likatoka hadi kwa watumiaji, na malalamiko mapya yakaja. Kipimo cha cactusBSSN kutoka mkusanyiko wa SPEC kilichelewa hadi asilimia 600 kwenye baadhi ya mashine. Watumiaji wa darktable, programu ya kusafisha picha, nao walifuatilia uzito walioupata wakafika kwenye badiliko lile lile.

Chukua kalamu uone kilichotokea. cactusBSSN inaomba vipande vingi vya KB 4,632. Kiwanja kimoja ni KB 2,048. Ombi moja linajaza viwanja viwili, KB 4,096, kisha KB 536 zinaingia cha tatu. Ombi linalofuata nalo linalazimishwa kuanza mpakani, kwa hiyo KB 1,512 za kiwanja cha tatu zinaachwa wazi. Hiyo si RAM iliyopotea, ni anwani zisizokaliwa. Lakini madhara yapo. Zamani vipande hivi vilipangwa vikigusana, kerneli ikaviunganisha kuwa eneo moja refu, na eneo refu likafunikwa na kurasa kubwa bila shida. Sasa kila kimoja kimekaa peke yake na pengo kando yake. Zaidi ya hayo, vyote vinaanza kwenye anwani zinazofanana mwishoni, na kashe ya kichakataji, ghala lake dogo la data ya karibuni, huchagua pa kuweka kitu kwa kutazama sehemu hiyo hiyo ya anwani. Safu zote zikawa zinagombania vyumba vile vile. Kilicholetwa kuharakisha TLB kikawa kinaisonga.

Oktoba 2024 Vlastimil Babka, mwandishi mwingine wa kerneli, hakulitengua. Alibadilisha sharti: badala ya ombi kuwa la *angalau* MB 2, sasa ukubwa wake lazima ugawanyike kwa MB 2 bila baki. KB 4,632 haigawanyiki, kwa hiyo inarudi kupangwa kwa kugusana. MB 128 na KB 4 haigawanyiki pia, kwa hiyo malloc1 ikapona: roboti ya Intel ikaripoti ongezeko la asilimia 3,888.9 kwenye kipimo kile. Namba hiyo ilisambaa sana, na watu wakadhani Linux imekuwa mara arubaini. Ukweli ni kwamba kipimo kilirudishiwa pumzi kiliyonyang'anywa.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi, Torvalds wa 2022 au Babka wa 2024? Naamini wote wawili, na sababu ndizo zitakusaidia wewe. Mwaka 2022 toleo lilikuwa halijatoka, hakuna mtumiaji aliyekuwa amezoea faida mpya, na chanzo kilikuwa hakijaeleweka vizuri. Kubana kitu usichokielewa ni kubahatisha. Mwaka 2024 msimbo ulikuwa umekaa kwa watu miezi mingi, wapo walionufaika, na chanzo kilikuwa kimechorwa hadi kwenye KB. Kutengua wakati huo kungewanyang'anya wengine ili kuwaponya wachache, ilhali sharti moja lilitosha wote.

Kubana nako kuna gharama yake, nisikufiche. Sharti jipya ni dhana kuhusu namna programu zinavyoomba kumbukumbu. Programu inayoomba kipande kimoja cha MB 7 na KB 4, ikakitumia chote kwa nguvu, sasa haina uhakika wa kuanzia mpakani. Mwaka kesho anaweza kutokea mwenye kipimo kinachoonyesha hilo, na mjadala ukafunguliwa upya. Anayebana anakubali kuulizwa maswali kwa muda mrefu kuliko anayetengua.

Kuzima kwa swichi

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi pale inapopatikana, na kesi yake nzuri ni ya mwaka 2023.

Kwa miaka mingi kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, ulikuwa na kufuli moja kubwa la kulinda ramani ya anwani zake zote. Programu yenye nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, ilipata foleni: uzi mmoja ukibadilisha ramani, wengine wanaotaka ukurasa tu wanasubiri. Toleo la 6.4, lililotoka Juni 2023, lilileta makufuli madogo, moja kwa kila eneo la ramani. Kazi kubwa, iliyosubiriwa muda mrefu. Baada ya siku chache zikaja ripoti za kumbukumbu kuharibika, na msako wa `git bisect` ukaishia pale makufuli hayo yalipowashwa kwa mashine za x86.

Hapa elewa uzito. Kuchelewa ni usumbufu. Kumbukumbu kuharibika maana yake data yako inaweza kuwa mbovu hivi sasa bila wewe kujua, na ikaandikwa hivyo kwenye diski. Hakuna muda wa kutafakari.

Kutengua kazi nzima ya makufuli kungekuwa upasuaji mkubwa, kwa sababu ilikuwa mfululizo wa mabadiliko mengi yaliyoshikana. Lakini waandishi walikuwa wameiweka nyuma ya chaguo la usanidi, `CONFIG_PER_VMA_LOCK`. Suren Baghdasaryan, mwandishi wa kazi hiyo mwenyewe, akaleta badiliko dogo la kulizima chaguo hilo, akaandika kwamba ni hatua ya muda hadi tiba ithibitike. Tiba ilikuja haraka: wakati mchakato unazaa mtoto kwa `fork`, maeneo yote ya mzazi yafungwe kwanza, ili uzi mwingine usiguse ukurasa katikati ya kunakiliwa. Alipima gharama pia. Kwenye jaribio la kukusudia kuumiza, lenye maeneo 10,000 na `fork` 5,000 mfululizo, ilikuwa kama asilimia 5. Kwenye kujenga kerneli, gharama haikuonekana.

Tazama ubora wa njia hii. Hakuna mgongano wa msimbo. Aliyekuwa akitafuta tiba aliendelea kufanya kazi juu ya msimbo ule ule, aliwasha, alijaribu, alizima. Na kila mmoja alijua swichi inasubiri nini ili iwashwe tena.

Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuibuni swichi baada ya ajali. Iwepo kabla, au haipo. Na hata ikiwepo, hakikisha inazima kile unachodhani inazima. Nimewaona wengi wakiandika `never` kwenye `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled` wakitumaini kukwepa matatizo ya badiliko la van Riel. Neno hilo huzuia kurasa kubwa zenyewe. Upangaji wa anwani mpakani, ulivyokuwa kwenye 6.7, ulifuata usanidi wa siku kerneli ilipojengwa, haukuitazama faili hiyo. Mapengo yalibaki pale pale, na sasa bila hata faida ya kurasa kubwa.

Utenguzi uliolala miaka kumi na moja

Sasa upande wenye giza wa njia ya kwanza, na hapa naomba usome pole pole hata kama seva yako inawaka moto.

Mwaka 2005 Torvalds aliona kasoro ndogo kwenye namna kerneli inavyonakili kurasa. Programu ikiwa na faili la kusoma tu kwenye ramani yake binafsi, kisha ikaandika kupitia mlango fulani wa kerneli, kerneli hutengeneza nakala na kuandika kwenye nakala, faili halisi lisiguswe. Kasoro ilikuwa kwamba uzi mwingine ukiitupa nakala ile katika sekunde hiyo hiyo, maandishi yanaweza kuangukia faili halisi. Akaweka tiba. Tiba ikaleta matatizo kwenye mashine za s390 za IBM, ambazo ziliweka alama ya "ukurasa umeandikwa" kwa namna tofauti na mashine nyingine. Tiba ikaondolewa.

Wakati ule uamuzi huo ulionekana wa busara. s390 ilikuwa inaumia kweli, na kasoro iliyotibiwa ilikuwa ya kinadharia: nani angeweza kulenga sekunde ile? Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Vichakataji vikaongezeka, nyuzi zikaongezeka, usimamizi wa kumbukumbu ukaboreshwa ili kazi nyingi zikimbie kwa pamoja, na kila uboreshaji ukalipanua lile dirisha. Oktoba 2016 ikafahamika kuwa kasoro inatumiwa na wavamizi. Ndiyo ile iliyopewa jina la Dirty COW, na namba CVE-2016-5195 kwenye orodha ya kasoro za usalama zinazojulikana. Mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa yoyote aliweza kuandika kwenye faili la msimamizi na kuimiliki mashine. Simu za Android nazo zilikuwamo, maana ndani yake kuna kerneli ya Linux. Na simu nyingi za bei nafuu mikononi mwa watu zilikuwa zimeacha kupokea masasisho.

Lakini linaloniuma zaidi liko ndani ya ujumbe wa tiba ya 2016. Torvalds anakiri pale kwamba alijaribu kuitibu miaka kumi na moja nyuma, vibaya, na ikatenguliwa kwa sababu ya s390. Kisha anaongeza kwamba tatizo la s390 lilikwisha tatuliwa zamani, kwenye toleo la 3.9. Toleo hilo ni la mwaka 2013. Maana yake sababu ya utenguzi ilikufa mwaka huo, na kwa miaka mitatu mingine mlango ukabaki wazi kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kwamba ulifungwa nusu.

Weka kesi hiyo kando ya ile ya Desemba 2022. Zote ziliondoa badiliko la kumbukumbu lililoumiza watu. Ile ya 2022 ilisema "mpaka tuelewe", na ndani ya muda badiliko likarudi, likaeleweka, likabanwa. Ile ya 2005 iliondoa tiba, na maisha yakaendelea.

Kutenguana kwa zamu

Kuna hatari nyingine, ndogo kuliko hiyo, ambayo nitaipitia kwa ufupi. Mashine kubwa huwa na nodi kadhaa, kila moja na vichakataji vyake na RAM yake. RAM ya nodi jirani inafikika ila kwa kuchelewa. Je, ukurasa mkubwa ukikosekana karibu, uchukuliwe kwa jirani? Andrea Arcangeli wa Red Hat alikuwa na mashine pepe za QEMU zilizozidi nodi moja, na kerneli ilikuwa inang'ang'ania nodi ya karibu hadi kusukumia kurasa diski huku jirani ana nafasi tele. Akalegeza. David Rientjes wa Google akaonyesha kwamba kulegeza huko kumechelewesha usomaji wa kumbukumbu kwa asilimia 13.9 kwenye vichakataji vya Haswell, kwa programu zilizohamishia msimbo wao kwenye kurasa kubwa. Desemba 2018 likatenguliwa, 4.20 ikiwa karibu kutoka. Agosti 2019 utenguzi ukatenguliwa. Septemba 2019 utenguzi wa utenguzi nao ukatenguliwa. Ukifungua historia ya msimbo utakuta vichwa vya habari vyenye neno `Revert` mara mbili ndani ya mstari mmoja.

Kila upande ulikuwa na seva halisi na maumivu halisi. Kila utenguzi ulihamisha maumivu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Walichokuja kukubaliana nacho kilikuwa cha kubana: jaribu karibu kwanza bila kuhangaika sana, na ukikosa, kwa programu iliyoomba kurasa kubwa kwa mdomo wake, nenda kwa jirani. Ukiona badiliko limetenguliwa mara mbili, usiwe wa tatu. Pale panahitajika sharti.

Ukiwa umekaa kwenye kiti chako

Basi nikichagua kwa ajili ya seva ninazozitunza, hutazama kwanza aina ya madhara. Data ikiharibika, nazima swichi kama ipo. Kama haipo, narudi toleo la zamani dakika hiyo hiyo, maana kujenga kerneli yenye utenguzi kunachukua muda ambao data haina. Mazungumzo mengine yafuate baadaye.

Ikiwa ni kuchelewa tu, nasoma ujumbe wa badiliko lenyewe kabla ya kugusa kitu. Nikikuta namba ya CVE, au maneno kuhusu mashindano ya nyuzi, au mtu kuandika pasipo ruhusa, silitengui. Navumilia uzito, natafuta namna ya kubana, au naongeza RAM. Kuna watu watakuambia seva yao iko nyuma ya ukuta wa mtandao, haina watumiaji wageni, kwa hiyo watatengua tu. Ni hoja yenye nguvu hadi siku mtu mwingine anapoihamisha picha ya diski ile kwenda mahali pengine.

Ikiwa badiliko ni la kasi kwa kasi, yaani lililetwa kuharakisha na kwangu linachelewesha, hapo kutengua ni haki yangu. Ila natazama umri wake. Badiliko la wiki mbili hutoka kama jino la utoto. La mwaka mzima limeshajengewa juu. `git revert` inaweza kupita bila mgongano hata mmoja na bado ukawa umevunja kitu, kwa sababu git inalinganisha mistari, haijui kwamba kazi iliyoandikwa miezi sita baadaye inategemea kufuli kushikwa kwa utaratibu mpya. Kwenye `mm/` hili ni la kuogopwa kuliko kwenye kiendeshi cha kadi ya sauti. Kiendeshi kikikosea, sauti inakatika. Kumbukumbu ikikosea, kila programu ni mgonjwa na hakuna dalili inayoelekeza kwenye chanzo.

Halafu kuna gharama ya kubeba. Utenguzi wako binafsi hauko kwa waandishi wakuu, kwa hiyo kila sasisho la usalama likitoka lazima uubandike tena, ujenge, ujaribu, uwashe upya mashine. Niliwahi kubeba mmoja namna hiyo kwenye seva za ofisi fulani. Ujumbe niliouandika siku ile ulikuwa na neno moja la maana: "inachelewesha." Tulipotaka kuhamia toleo jipya, hakuna aliyejua kama bado unahitajika, mimi nikiwamo. Kipimo kilichotuonyesha kuchelewa tulikuwa tumekifuta. Ilibidi tuyajenge mazingira upya kwa siku mbili, na tukagundua kwamba sababu ilikwisha kuondolewa na wengine kitambo. Tulikuwa tunabeba jiwe lisilo na kazi.

Tangu hapo utenguzi wangu huandikwa na vitu vinne: badiliko linalotenguliwa lilikuwa linatibu nini, kwetu limeumiza kipi na kwa namba gani, programu ndogo inayoonyesha maumivu hayo, na jambo gani likitokea utenguzi huu uondolewe. Ile programu huwa na mistari michache tu. Kwa kesi ya cactusBSSN ingetosha kuomba vipande ishirini vya KB 4,632 na kuchapisha anwani zake. Ukiona pengo la KB 1,512 kati ya kimoja na kingine, ujue kerneli hiyo bado haina sharti la Babka. Naihifadhi kwenye saraka moja na kiraka chenyewe, na kila tunapopandisha toleo naiendesha kabla ya kubandika chochote.

Na ripoti ipelekwe kwa watunzaji wa kerneli, hata kama kwako umeshajiponya. Linux ina kanuni inayosimamiwa kwa ukali kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisiharibiwe na toleo jipya, na wanaoripoti na matokeo ya `git bisect` husikilizwa. Babka asingejua kuhusu KB 4,632 kama hakuna aliyepima na kusema.